Berlin kwa Siku Tatu, Wewe na Mwenzio

Kuna miji ya kununua nguo na kuna miji ya kula. Mji mkuu wa Ujerumani ni wa kutembea mmeshikana mikono, hata kama nyote wawili mmevaa sketi. Hivi ndivyo tulivyoipanga wikiendi yetu, na wewe unaweza.

Ukiwa na mumeo, kupanga wikiendi ya mapumziko ni suala la nauli na ruhusa kazini. Ukiwa na mpenzi wa jinsia moja na wewe, kuna swali linalotangulia yote hayo: tukifika mapokezi tukasema tunataka kitanda kimoja, yule dada wa kaunta atatutazamaje? Swali hilo ndilo linalochagua mji. Dubai ina maduka, Maldivi ina bahari ya kwenye kalenda, lakini sheria za huko zitawalaza kama mtu na dada yake, kila mmoja na kona yake, na pazia limeshushwa.

Mimi na mwenzangu tulichagua Berlin kwa sababu swali hilo huko limeshajibiwa na sheria. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2006 inayokataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya anayempenda, na inagusa hata hoteli: chumba kikiwepo na hela unayo, hawawezi kukunyima eti kwa sababu mwenzio ni mwanamke kama wewe. Juni 2017 Bunge lao lilipiga kura 393 dhidi ya 226 kuruhusu ndoa za jinsia moja, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, siku ambayo ofisi za Wajerumani hazifunguliwi hata kwa dawa, lakini jumba la halmashauri ya Schöneberg lilifunguliwa ili wanaume wawili, Karl Kreile na Bodo Mende, wafunge ndoa. Walikuwa wameishi pamoja miaka 38. Schöneberg ndio mtaa ambao nitakulaza.

Sisemi kwamba Berlin ni pepo. Nitakuja huko mbele kwenye mambo ya kuangalia. Lakini kwa watu wawili ambao nyumbani wanapishana dakika tano kuingia mkahawani ili wasionekane wamefuatana, siku tatu za kutofikiria kitu hicho ni starehe kuliko spa yoyote.

KABLA YA KUPANDA NDEGE

Chagua mwezi kwanza. Julai ndio mwezi wa sherehe: kuna tamasha la mtaani Schöneberg, na kuna maandamano makubwa ya CSD, ambayo Berlin iliyafanya kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Mji unajaa, hoteli zinapanda bei, muziki mpaka asubuhi. Kama mnapenda kujirusha, nendeni wakati huo. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Mei, kwa sababu tulitaka kusikilizana. Jua linazama baada ya saa tatu usiku, watu wanakula nje, na koti moja jepesi linatosha.

Viza sasa. Kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, lakini nikwambie kitu: fomu ya viza ya Schengen inauliza jinsi yako na kama umeolewa. Haiulizi unampenda nani. Kila mmoja anaomba kivyake, na taarifa yake ya benki, barua yake ya kazini, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15, ila ukingoja siku 15 utakuwa umejitakia presha. Kwenye barua ya maelezo andikeni utalii, maana ndio ukweli wenyewe. Na ile karatasi ya hoteli yenye majina yenu mawili isiwape homa: imeandikwa chumba cha watu wawili, na hakuna ofisa anayehesabu vitanda.

Vitanda vyenyewe vina kichekesho. Tulifungua mlango wa chumba tukakuta fremu moja kubwa, lakini ndani yake magodoro mawili na mablanketi mawili yamekunjwa kila moja upande wake. Mwenzangu akaniangalia, akasema, "Wametushtukia." Wala. Hivyo ndivyo Wajerumani wanavyolala, hata mtu na mkewe wa miaka arobaini. Kila mtu na blanketi lake, asubuhi hakuna kesi.

Kutoka uwanja wa ndege wa BER, treni zinakuingiza mjini kwa muda wa nusu saa hivi. Uwanja uko nje ya mji, kwa hiyo nunua tiketi ya kanda ABC, na ukumbuke kuigonga kwenye kimashine chekundu au cha njano kabla hujapanda. Stesheni hazina mageti, hakuna anayekuzuia, ndio maana wageni wanadhani ni bure. Wakaguzi wanavaa nguo za kawaida na faini ni euro 60. Beba pia fedha taslimu kidogo. Kwa nchi inayotengeneza magari ya aina ile, utashangaa ni baa ngapi bado hazitaki kadi.

IJUMAA: MTAA WENYE KUMBUKUMBU

Shukia stesheni ya Nollendorfplatz. Njia nne za treni za chini, U1 mpaka U4, zinakutana hapo, kwa hiyo hata mkichelewa usiku hampotei. Barabara zinazoizunguka, hasa Motzstraße, zimekuwa makazi na starehe za wapenzi wa jinsia moja kwa zaidi ya miaka mia. Usitegemee kitu cha ajabu. Utaona duka la dawa, kinyozi, mama na mbwa wake, wazee wawili wanaume wanabishana kwenye meza ya kahawa huku mmoja kamshika mwenzake goti, na bendera za upinde wa mvua zimetundikwa kwenye vibaraza kama mtu anavyoanika kanga.

Kabla hujaondoka stesheni, tafuta ukutani, upande wa kusini, jiwe la umbo la pembetatu. Liliwekwa mwaka 1989. Pembetatu ya rangi ya waridi ndiyo alama ambayo Manazi waliwashonea mashoga kwenye nguo zao za kambini. Watu wanalipita wakikimbilia treni. Sisi tulisimama.

Maana mtaa huu ulikuwa hai, halafu ukauawa, halafu ukafufuka. Kwenye Motzstraße kulikuwa na klabu iliitwa Eldorado, ambako wanaume walivaa magauni, wanawake wakavaa suti, na watalii matajiri wakaja kuwashangaa. Ilipofika Machi 1933 ilikuwa imeshafungwa na mabango ya Manazi yamebandikwa ukutani. Mwandishi Mwingereza Christopher Isherwood aliishi jirani, Nollendorfstraße namba 17, na hadithi alizoandika kuhusu miaka hiyo ndizo zilizozaa ile filamu maarufu ya Cabaret.

Lakini mimi kilichonikamata ni gazeti. Kati ya 1924 na 1933, kwenye vibanda vya magazeti vya Berlin, liliuzwa waziwazi jarida la wanawake wanaopenda wanawake. Lilikuwa na hadithi, picha, matangazo ya dansi, na safu ya wanaotafuta wenza. Yaani jarida kama hili uliloshika, miaka mia iliyopita. Liliitwa Die Freundin.

Sasa neno hilo, Freundin, kwa Kijerumani maana yake ni rafiki wa kike. Ni mpenzi wa kike pia. Wajerumani wenyewe wanakisia kutokana na mazungumzo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikisikia mama zangu wakiitana "shoga yangu" barazani, kwa mapenzi, na hakuna aliyestuka. Shoga ni rafiki wa mwanamke mwenzake, wa kumsuka nywele na kumhifadhia siri. Leo neno hilohilo likitoka mdomoni mwa mwanamume kituo cha daladala ni tusi la kupigiwa mtu mawe. Wasichana wa mjini walilikimbia wakatengeneza "shosti". Pale Berlin, kwenye meza ya mkahawa, mhudumu aliniuliza kuhusu mwenzangu aliyekuwa ameenda msalani: na "Freundin" wako anakunywa nini? Sikujua anamaanisha ipi kati ya zile mbili. Nikagundua pia kwamba haikunihusu kujua.

Kiswahili chetu kina ukarimu wake pia. Kwa miaka mingi nimeweza kuwaambia wafanyakazi wenzangu "mwenzangu anaumwa", "yeye hapendi pilipili", na lugha ikanisitiri, kwa sababu yeye ni yeye, hana jinsi. Kijerumani hakikupi hifadhi hiyo. Ukifungua mdomo tu, umeshasema ni mwanamke au mwanamume. Siku ya kwanza nilikuwa nababaika. Siku ya tatu nilikuwa nalisema neno lenyewe kwa makusudi, hata mahali ambapo halikuhitajika.

Jioni, kama ni wawili wanawake, kuna Begine kwenye Potsdamer Straße namba 139, ukumbi wa wanawake ulioanza 1986. Angalieni kwanza ratiba yao. Kama ni wanaume, Motzstraße na Fuggerstraße zina baa kila hatua chache na hamtahitaji mwongozo wangu.

JUMAMOSI: TEMBEA, UTAELEWA

Asubuhi nendeni soko la Winterfeldtplatz, dakika tano kwa miguu kutoka Nollendorfplatz. Linafanyika Jumatano na Jumamosi. Mei kuna lundo la asparaga nyeupe ambayo Wajerumani wanaisubiri mwaka mzima kama sisi tunavyosubiri msimu wa embe, jibini za kila harufu, zeituni, maua. Wanandoa wa kila namna wanasukuma vikapu na kugombana kuhusu bei ya nyanya. Tulinunua mkate, jibini na stroberi tukala tumekaa kwenye benchi, mwenzangu kanilaza kichwa begani. Hakuna aliyetutazama. Ni kitu kidogo sana kukiandika, na ndicho nilichokilipia nauli.

Kisha pandeni U2 mpaka Potsdamer Platz. Ukumbuke jina hilo, nitalirudia. Kutoka hapo mnafuata Ebertstraße kuelekea Lango la Brandenburg. Upande wa kulia kuna uwanja wa mawe ya zege wa kuwakumbuka Wayahudi waliouawa Ulaya. Vukeni barabara upande wa kushoto, ndani ya bustani ya Tiergarten, mtaona bonge moja la zege limesimama limeinama kidogo chini ya miti. Limetengenezwa na wasanii Elmgreen na Dragset, likazinduliwa Mei 2008. Lina kidirisha kidogo. Inabidi usogee, uinamishe kichwa na kuchungulia, na ndani kuna filamu ya watu wawili wa jinsia moja wanabusiana. Wametulazimisha kuchungulia busu, mwenzangu akasema, kama majirani zetu.

Manazi waliwakamata wanaume wapatao 100,000 kwa kosa hili, nusu yao wakahukumiwa, na maelfu wakapelekwa kambini. Kifungu chenyewe, cha 175, kilikuwa cha tangu karne ya 19 na Manazi walikikaza mwaka 1935. Kinachouma zaidi ni kwamba vita ilipokwisha hakikufutwa. Ujerumani Magharibi iliendelea kukitumia kama kilivyokazwa, na mpaka kilipolegezwa mwaka 1969 watu kama 50,000 zaidi walikuwa wamehukumiwa. Kilifutika kabisa mwaka 1994. Waliohukumiwa baada ya vita walisafishwa majina kwa sheria ya 2017, wakapewa euro 3,000 kwa kila hukumu, na wengi walikuwa wameshakufa. Kifungu kilitaja wanaume peke yao. Wanawake hawakutajwa, lakini baa zao zilifungwa na Die Freundin ikatoweka.

Endeleeni na Unter den Linden mpaka Bebelplatz, mkabala na Chuo Kikuu cha Humboldt. Tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi walichoma vitabu hapa. Kati ya vilivyoungua ni maktaba ya Dk. Magnus Hirschfeld, daktari Myahudi aliyeanzisha mwaka 1897 chama cha kwanza duniani cha kutetea wapenzi wa jinsia moja, na mwaka 1919 akafungua taasisi yake ya masuala ya jinsia si mbali na hapo. Taasisi ilivamiwa tarehe 6 Mei 1933, siku nne kabla ya moto. Mwenyewe alikuwa nje ya nchi, hakurudi, akafia Nice mwaka 1935 siku aliyotimiza miaka 67. Katikati ya uwanja kuna kioo sakafuni. Chini yake ni chumba cheupe chenye rafu tupu, za kutosha vitabu 20,000. Kazi hiyo ni ya Micha Ullman, ya mwaka 1995. Ukienda mchana utajiona mwenyewe kwenye kioo kabla hujaziona rafu.

Watalii wengi wanaishia hapo, wanapiga picha ya lango, wanarudi hotelini. Wewe panda treni kwenda Alexanderplatz, ubadilishe uchukue U8 mpaka Rosenthaler Platz, utembee mpaka Brunnenstraße namba 193. Mbele ya nyumba, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna kijiwe cha shaba cha ukubwa wa kiganja. Wajerumani wanaviita Stolpersteine, mawe ya kujikwaa. Vimeandikwa majina ya waliouawa na Manazi, vinawekwa mbele ya nyumba walizoishi, na Ulaya nzima viko zaidi ya 100,000. Hiki kimeandikwa jina la mtu wa kwetu.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, naye mwenyewe akatumikia akiwa mtoto kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake ambao haukuwahi kulipwa. Wakamkatalia. Akabaki, akajiita Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland, pale pale Potsdamer Platz mliposhukia treni asubuhi. Akaigiza filamu. Na kwenye chuo kikuu cha mji huu akawafundisha Wajerumani Kiswahili.

Mwaka 1933 alioa mwanamke mzungu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani, kosa lenyewe likiitwa kuchafua damu. Bila kufikishwa mahakamani akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Husen hakufungwa kwa kupenda wanaume. Kosa lake lilikuwa rangi. Lakini alifungwa kwenye kambi ileile walimokuwa wenye pembetatu za waridi, na serikali ileile, iliyokuwa na hakika kwamba inajua nani alale na nani. Mwenzangu, ambaye kazi yake ni kufundisha watoto Kiswahili, alichuchumaa akakifuta kile kijiwe na ncha ya mtandio wake. Tulikaa pale muda. Kijana mmoja wa Kijerumani alisimama na baiskeli yake, akatuuliza kwa Kiingereza kama tunamjua. Mwenzangu akamjibu, "Ni mwalimu mwenzangu."

Kisha njaa ikatukumbusha tuko likizo. U8 hiyohiyo inakwenda moja kwa moja mpaka Kottbusser Tor, na hapo mko Kreuzberg, mtaa wa Waturuki, wa kebabu, wa kelele na wa maandishi kila ukuta. Nyama nyingi ni halali, uliza tu. Mkishiba tembeeni kidogo. Kipande cha Manteuffelstraße kimeitwa Audre-Lorde-Straße tangu 2024, kwa heshima ya mshairi Mmarekani mweusi, mwanamke aliyependa wanawake, ambaye alikuja kufundisha Berlin mwaka 1984 na akawahimiza wanawake weusi wa Ujerumani waandike maisha yao. Mmoja wa vijana wake alikuwa mshairi May Ayim, na yeye ana barabara yake kando ya mto, May-Ayim-Ufer. Zamani ilibeba jina la mkoloni.

Usiku nendeni SO36, ukumbi wa Oranienstraße. Tangu miaka ya 1990 wana usiku unaoitwa Gayhane: muziki wa Kituruki, Kiarabu na Kikurdi, na ukumbi umejaa mashoga na wasagaji wenye majina kama ya binamu zako. Wanashikana vidole vidogo wanacheza mduara. Kwa sisi tuliokulia kwenye taarabu, mwili unaelewa kabla ya kichwa. Angalieni tarehe mapema, maana si kila wiki. Kuhusu Berghain, ile klabu maarufu ya techno: foleni ni ndefu na baunsa anaweza kukukataa bila neno. Sikuona haja. Ila wana desturi moja ninayoipenda: wakikuingiza wanabandika stika kwenye kamera ya simu yako. Mtu yeyote anayetoka kwetu anaelewa thamani ya stika hiyo.

JUMAPILI: KULALA AU KWENDA

Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo zawadi nunueni jana yake. Mnaweza kulala mpaka saa tano na kunywa chai kitandani. Ni halali yenu. Wanawake mnaweza kuulizia hamamu ya Schokofabrik huko Kreuzberg, ndani ya kiwanda cha zamani cha chokoleti ambacho wanawake walikivamia na kukifanya chao mwaka 1981. Bebeni kanga. Inafanya kazi vizuri kuliko taulo lolote.

Sisi tulipanda S1 mpaka Oranienburg, kama dakika 45, na kutembea mpaka Sachsenhausen. Kiingilio ni bure. Sitakulazimisha uende, hasa kama wikiendi hii ni ya kusherehekea mwaka wenu wa kwanza. Kati ya Julai na Septemba 1942 wafungwa mashoga wapatao 200 waliuawa kwenye tawi lake la kiwanda cha matofali. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mwalimu wa Kiswahili. Njia ya kurudi hatukuongea mpaka Friedrichstraße.

MAMBO YA KUANGALIA

Novemba 2024 mkuu wa polisi wa Berlin, Barbara Slowik, alisema hadharani kwamba iko mitaa ambako Wayahudi na mashoga wanaojionyesha wazi wawe makini zaidi. Alilaumiwa, lakini hakutunga. Watu hutukanwa na hupigwa, hasa usiku wa manane kwenye treni na stesheni. Kaeni kwenye behewa lenye watu. Mkipatwa na jambo namba ya polisi ni 110, na polisi wa mji huu wana maofisa maalumu wa kushughulikia kesi hizi tangu miaka ya 1990. Kwa mtu mweusi kuna na ubaguzi wa kawaida. Jicho moja baya mnaweza msijue limewatazama kwa ajili ya mikono iliyoshikana au kwa ajili ya ngozi. Sisi tulipata moja, kwa bibi mmoja kwenye basi. Hatukumuuliza ni kwa lipi.

Starehe nayo si ya milele. SchwuZ, klabu ya mashoga iliyokuwapo tangu 1977, ilitangaza kufilisika mwaka 2025. Ndio maana nasema ratiba ziangalieni wiki ileile mnayosafiri, si kwenye kitabu cha mwongozo cha kaka yako.

Na simu. Hili liko mwishoni lakini ndilo kubwa. Kenya kifungu cha 162 kina miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Tanzania Bara hukumu inaweza kufika maisha. Uganda, tangu sheria ya 2023, baadhi ya makosa yana adhabu ya kifo. Kwa hiyo msirushe picha mtandaoni mkiwa huko, hata ile nzuri kuliko zote. Zimeni programu zinazojihifadhia picha zenyewe. Waambieni rafiki mnaokutana nao baa wasiwaweke kwenye kurasa zao. Wajerumani wanaheshimu sana ukiomba. Programu za kutafuta wapenzi zifuteni kabla ya kupanda ndege, si baada ya kushuka.

Sisi tulifanya kazi hiyo BER, tumekaa karibu na geti, kila mmoja na simu yake na kahawa yake. Za kitandani, za sokoni, ya benchi na stroberi, zote zikahamia kwa rafiki anayeishi Ulaya ambaye anatutunzia. Mwenzangu alianza na picha 300 na kitu. Zilizobaki za kumwonyesha mama zilikuwa 41: lango, mto, asparaga, sinia la kebabu, na kile kijiwe cha Brunnenstraße.